Odeta Kwenye Kiti cha Adventina

Suzana muuza dagaa wa Mkuyuni ndiye aliyeniambia, alipokuja kuuza kijijini kwetu. "Mama Adventina, mbona mtoto wako namuona asubuhi na ndoo, wenzake wakienda shule?" Nikajibu labda alikuwa na homa. Lakini neno lile halikunitoka. Nikipika lipo, nikilala lipo.

Kijiji chetu kipya cha ujamaa kilikuwa hakijapata darasa la saba, ndiyo maana tulimpeleka Adventina kwa baba yake mkubwa, Kaijage, huko Ilemela mjini, ambako Suzana hupitisha dagaa zake. Kahawa ya ukoo kule Bukoba ndiyo iliyomsomesha Kaijage mpaka akapata ofisi. Mume wangu Bagenda aliachishwa shule ili kaka asonge mbele. Sasa ilikuwa zamu ya kaka kutuinulia wetu. Hivyo ndivyo tulivyoelewana.

Nikaenda mjini bila kuwaarifu. Sikupitia kwa shemeji, nilinyoosha shuleni.

"Mwalimu, naomba kumuona Adventina wa darasa la saba."

Mwalimu akaita. Akatoka Odeta, binti wa Kaijage, aliyefeli mwaka uliopita shule nyingine na kwa jina lake haruhusiwi kurudia.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema, macho chini.

Sikuitikia. "Mwalimu, Adventina nimemzaa mimi. Huyu siye."

Wangu nilimkuta uani kwa shemeji, anafua nepi.

Kaijage aliporudi kazini alinikalisha. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Shemeji, wewe unatazama mtoto mmoja. Odeta akipita, tumepita wote. Atawavuta wenzake."

"Kama ulivyomvuta Bagenda? Mbona bado yuko na jembe?"

"Unavunja ukoo."

"Ukoo wa kukaa kwenye kiti cha mwanangu, acha uvunjike."

Mwalimu kamtoa Odeta, na Adventina kapewa kiti chake darasani. Analala kwa Suzana, chumba kinanuka dagaa, lakini anasoma. Mtihani bado. Bagenda ananijibu kwa kichwa tu, na kwenye vikao vya ukoo siitwi.

Kina mama mnaopeleka watoto kwa ndugu:

Usimwachie ndugu kumwandikisha mtoto. Nenda naye, mwalimu amuone uso.

Usimpeleke nyumba yenye mtoto aliyefeli darasa hilohilo.

Usiseme siku utakayokwenda kumtazama.

Usiulize wenye nyumba peke yao, uliza na majirani.

Usikubali kuambiwa katumwa dukani. Kaa, msubiri.