Godoro la Baba

Godoro lilikuwa limekwama upande mmoja tangu asubuhi, na baba alikuwa amelalia kidonda chake bila kukisikia, maana kiuno kilikufa ganzi siku ile alipopata kiharusi. Ni godoro la hewa. Taima, kifaa cha kuhesabu muda, huwasha mota ndogo, mota huzungusha vali, na hewa huhama upande wa pili. Mota ikisimama, mgongo unaoza.

"Mpigie kaka yako," baba alisema. "Yeye ndiye aliyelitengeneza."

"Kaka yuko mbali, Baba. Fundi redio hapa ni mimi."

"Redio si godoro, mama."

Nilifungua kisanduku cha mota. Niliiunga mota moja kwa moja kwenye betri, ikazunguka bila matata. Taa ya taima nayo iliwaka na kuzima kwa wakati wake. Amri ilikuwa inatoka ila haifiki. Kati ya taima na mota kuna transista, swichi ndogo ya kupitisha amri, na ilikuwa imeungua mpaka inanuka.

Transista haiungui kwa kupenda. Nilitazama vizuri, nikaona miguu miwili ya diodi iliyokatwa kwa koleo. Kaka alipokuja likizo alichokonoa humo ndani huku tukimsifu. Bila shaka aliiona haina kazi. Mota ikizimwa hurudisha umeme kwa kishindo, na diodi ndiyo huumeza. Yeye akaitupa, transista ikapigwa mpaka ikafa.

Nilibadilisha transista, nikalehemu diodi mpya. Godoro likaanza kupumua. Nilimgeuza baba ubavu, nikasafisha kidonda, kimechimbika kuliko jana. Nilitaka aseme asante tu. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Labda si watoto wa kike.

Simu yake ikalia nikiwa bado nimemshikilia asirudi chali. Alikuwa kaka.

"Limepona, mwanangu!" baba alimwambia, sauti imepata nguvu ghafla. "Lilikwama kidogo. Dada yako kachokonoa weee, mwishowe kazi yako ikashika tena. Mikono yako ina baraka."

"Baba, nimelitengeneza mimi," nilisema. "Yeye ndiye aliyeliharibu."

Alifunika simu kwa kiganja. "Acha wivu, mama. Ungekuwa na mume, usingepata nafasi ya kugombania sifa za kaka yako."

Nilimchukia baba yangu, waziwazi, kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nimemshika ubavu kwa mikono miwili, na sikuweza kumwachia, angeangukia kidonda.