Fundi Aliyeandika Tisa

Tusidanganyane: siku ile nilishaamua kituo kifungwe. Wafadhili walikuwa wamenituma nipime kama kweli kinawasaidia walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, na kipimo walinipa wao wenyewe. Kila asubuhi mteja huandika ana hamu kiasi gani ya kunywa au kutumia, kuanzia sifuri mpaka kumi. Kama baada ya mwaka hamu haijashuka hata nusu, pesa zinakatwa na mlango unafungwa. Nilikuwa nimechambua mafaili siku tatu, na wastani uligoma kushuka.

Muuguzi aliyekiendesha kituo, ambaye kila mtu alimwita Sista, alizidi kuniletea chai na kuniuliza nimefika wapi. Nilimjibu kwa mkato. Mimi nikiwa na hesabu sitaki kubembelezwa, na chai yenyewe ilikuwa na sukari ya kuua mtu.

Ndipo nikafungua faili la fundi makochi. Miezi ya mwanzo alikuwa ameandika mbili, tatu, mbili. Halafu ghafla, tisa. Nikafunua ukurasa, tisa. Miaka minne ya tisa, kwa mwandiko mzito wa mkono uliozoea nyundo. Damu ikanichemka. Nikamwambia Sista kwamba mtu huyu ama anajaza fomu kwa mazoea bila kusoma swali, ama kituo chake kimemzidishia ugonjwa badala ya kumponya. Hakunibishia. Alinionyesha karakana ya ng'ambo ya barabara, akasema mwenyewe yupo, nikamuulize.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, misumari midogo ameibana midomoni. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipomwamkia, alitema misumari kiganjani kwanza ndipo akaitikia. Nikajitambulisha, na sikupamba maneno: namba zake ni za mtu asiyepata nafuu, na kwa namba kama hizo kituo kinaweza kufungwa mwisho wa mwezi. Nikamuuliza kama huwa anasoma swali.

"Nasoma. Linauliza nina hamu kiasi gani. Nina hamu tisa."

"Kila siku?"

"Kuna siku ilikuwa nane. Mjukuu alizaliwa."

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa hiyo siku hizi anakunywa kiasi gani.

"Sinywi, mwanangu. Miaka minne sasa, na miezi miwili."

Sikumwamini, naye aliona. Akanieleza polepole kwamba kila asubuhi, akishaandika, hupuliza kwenye kipima ulevi, na Sista hunakili jibu kwenye daftari lake. Daftari hilo sikuwa nimeliomba, kwa kuwa fomu ya wafadhili haikuwa na nafasi yake. Zile mbili na tatu za mwanzo, alisema, aliandika ili kumfurahisha Sista, na miezi hiyo ndiyo aliyokuwa akinywa kwa kujificha nyuma ya magunia ya sponji.

"Nikiandika mbili, Sista anafurahi, mimi nakwenda kunywa. Nikiandika tisa, ananiuliza leo nitapita njia gani kwenda nyumbani, na nani atanisubiri. Tunaipanga siku nzima. Kesho yake tena."

Nikapiga hesabu kichwani, maana ndiyo kazi yangu. Asubuhi elfu moja na mia tano na ushee. Kila moja ameamka na kiu ya tisa, akaenda kuisema, kisha akarudi hapa kupiga misumari. Mimi nikicheleweshewa chai ya saa nne nagombana na dunia. Nilipigwa na butwaa. Nilimwogopa mzee yule, na wala si kwa ubaya. Asiyejua maana haambiwi maana, na nadhani ndiyo sababu Sista alinyamaza.

Aliniuliza kama kweli watakifunga. Nilisema inategemea nitakachoandika. Akaniomba fomu yake ya siku ile, niliyokuwa nayo kwenye faili. Akaikata tisa kwa mstari mmoja, akaandika kumi.

"Sijawahi kuwa na kumi," alisema. "Nisindikize kwa Sista. Kuna baa mlango wa pili, kabla ya kuvuka barabara, na leo sitaki kupita hapo peke yangu."

Akafunga karakana na kunishika mkono juu ya kiwiko. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Tulipita mbele ya ile baa, muziki umefunguliwa, na nilihisi vidole vyake vikinibana mpaka nikaumia. Hakugeuza uso.

Sista alituona mlangoni, akaitazama fomu, akachomoa kipima ulevi bila kuuliza. Mzee akapuliza. Kikaandika sifuri. Kisha wakaketi, vichwa vimekaribiana, wakaanza kupanga saa zilizobaki za siku ile, moja baada ya nyingine.

Nikaazima rula mezani, nikachora safu ya pili kwenye fomu ya wafadhili. Kwenye ya kwanza ilikuwepo kumi yake. Kwenye ya pili nikaandika sifuri, kisha nikamwomba Sista anipe daftari lake, la tangu siku ya kwanza.