Kabla Hajawa Kaltumu

Mtoto alikuwa na siku tatu duniani na bado mama yake alimwita Mgeni. Mgeni analia. Mleteni Mgeni anyonye. Akimnyonyesha aligeuza uso ukutani kama mtu anayesubiri sindano, na akimaliza alimrudisha kwa mkono mmoja. Nesi alikuwa amesema mtoto ni mzima, kilo tatu na ushee, na kifua cha kuamsha mtaa wao mzima wa Tanganyika, pale Arua. Sharifah alimsikiliza nesi hadi mwisho, akamshukuru, akageuka tena ukutani.

Shafiki, mumewe, hakumlaumu. Wawili walishatangulia, wote wasichana, na wote walikuwa Kaltumu. Wa kwanza alikaa siku kumi na moja. Wa pili alikaa miezi mitatu, akafika hata kucheka, na kicheko kile ndicho Sharifah alichoshindwa kusamehe. Kaltumu lilikuwa jina la mama wa babu yake Shafiki. Katika ukoo wao binti wa kwanza hulibeba, na akifa hulibeba anayefuata, hakuna mjadala. Ijumaa ingekuwa siku ya saba, siku ya jina, na shangazi Ruqaiya alikwisha piga simu kutoka Koboko kukumbusha.

"Ambia shangazi yako Kaltumu mbili imetosha," Sharifah aliuambia ukuta. "Mimi sitaita hiyo jina tena."

Shafiki alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya vyuma, na hata siku za heri hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama. Alisali kama mwenye pikipiki inayounguruma nje. Tangu mtoto azaliwe alikuwa amezidi: alifungua karakana na kuifunga mara tatu kwa siku, akachomelea bawaba za mteja juu chini, akatukanwa, akaomba radhi, akaenda zake. Madaktari walimwambia malaria ndiyo iliyowachukua wale wawili, naye aliamini. Hakuamini kwamba jina linaua. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Jumanne asubuhi Shafiki aliwasha pikipiki akashika njia ya Koboko.

Alimkuta shangazi kibarazani, mama mzee wa miaka sabini, anasuka kifuniko cha chakula kwa ukindu wa rangi. Shafiki alimweleza yote bila kuvua kofia ya chuma.

"Kaa chini kwanza," alisema shangazi.

"Niko sawa hivi, shangazi."

"Wewe haiko sawa. Na bibi yako Sharifah iko na haki ya kukataa." Akasuka mistari miwili kimya. "Iko kitu moja baba yako alikuwa anaficha. Haboba, nyanya yetu Kaltumu, haikuzaliwa Kaltumu. Hiyo jina ilipata hapa, siku ya kuolewa, pamoja na shuka na sufuria. Mbele ya pale ilikuwa mutu ya watu wengine."

"Iliitwa nani?"

"Sijui. Hiyo ndiyo inanisumbua. Pengine tunaita mutu na jina yenye mama yake hakumupa, halafu tunashangaa haitiki."

Akaingia ndani akarudi na kopo la sukari lililokwenda Kongo mwaka wa kukimbia vita na kurudi. Ndani yake, chini ya sindano na vifungo, kulikuwa na medali ndogo ya Bikira Maria, imechakaa hadi uso umefutika. Shangazi alisema ilikuwa ya marehemu Kaltumu, ambaye aliswali mara tano kila siku mpaka anakufa, wala hakuna aliyemzidi kwa funga. Ila medali hakuitupa, na siku za mwisho aliomba maji kwa Kilugbara, lugha ya vijijini, nyumba nzima ikatazamana.

Shafiki aliona aibu iliyomshangaza. Maisha yake yote alikuwa akisema sisi Wanubi, Waislamu wa mjini, akiwacheka wa vijijini wanaokuja kununua milango na kuuliza kama rangi ni ya bure. Kumbe mama wa babu yake alitoka huko huko. Akamuuliza shangazi marehemu aliolewa mwaka gani, na shangazi alijua kitu kimoja tu, kwamba mtoto wa kwanza wa Kaltumu alizaliwa mwaka wa nzige.

Jumatano, kwa kuwa mwenye medali lazima alibatizwa, alikuwa misheni, Arua, mbele ya katekista mzee aitwaye Celestino aliyetunza vitabu vya ubatizo kwa wivu wa mtu mwenye mke mdogo. Shafiki alisema anamtafuta Kaltumu, aliyeolewa kabla ya mwaka wa nzige. Celestino alimwangalia kwa huruma.

"Kaltumu hapa hakuna. Skia. Kila mutu hapa iko na jina ya mama, jina ya padri, na jina ya serikali. Nyinyi Waislamu munaongeza ya nne. Ukishika moja tu, mutu yako inakupita kwa mulango na hauioni." Akanawa mikono kabla ya kugusa kitabu. "Mwaka wa nzige, unasema. Basi tunarudi nyuma kidogo. Wasichana walikuwa wanabatizwa sana Pasaka."

Pasaka ile ya kwanza waliyoifungua ilikuwa na Pasca saba. Padri wa wakati ule hakujichosha. Msichana akibatizwa Pasaka ni Pasca, basi. Shafiki alihisi kupasuka. Alizunguka chumba, akagusa dirisha, akakagua bawaba zake, akaambiwa aache. Celestino alishuka na kidole polepole, ukurasa hadi ukurasa, mwaka hadi mwaka, hadi saa ya chakula ikapita. Mwisho kidole kilisimama pembeni mwa jina moja, penye wino wa rangi tofauti, maandishi ya Kilatini.

"Huyu. Pasca, binti ya Amandu, kutoka upande wa Omugo. Padri ameandika hapa: imeondoka na askari Mwislamu, Koboko." Alikohoa. "Padri hakufurahi."

"Na jina yenye mama yake alimupa?"

"Hiyo padri hakuuliza."

Usiku ule Mgeni alilia sana na Sharifah akamnyonyesha, uso ukutani. Shafiki alitaka kumwambia habari za Pasca, akaona bora amalize kwanza. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya homa peke yake. Aliogopa kwamba mtoto ataishi na mama yake asimtazame kamwe.

Alhamisi barabara ya Omugo ilimpaka vumbi hadi kwenye meno. Aliuliza nyumba ya Amandu sokoni, wakamcheka, kwani Amandu ni wengi kama Pasca. Alitaja kanisa, alitaja askari, akapelekwa kwa mwanamke mzee aitwaye Annet, aliyekuwa uani akipukuchua karanga na hakuinua kichwa.

"Kama umekuja sababu ya shamba, rudi," alisema. "Watu ya mjini ikianza kuuliza babu yao, kesho inaleta mutu ya kupima."

"Sikuja kwa shamba, mama. Nimekuja kwa jina."

"Jina utalima?"

"Iko mutoto nyumbani. Siku saba ni kesho. Mbili imekufa mbele yake." Shafiki aliyasema haya kwa haraka. "Natafuta jina ya Pasca, binti ya Amandu. Yenye mama yake alimupa."

"Pasca hakuna hapa."

"Iliondoka na askari. Ikaenda Koboko."

Mikono ya mzee ilisimama. Karanga alizokuwa nazo zilirudi ndani ya ungo moja moja.

"Unasema shangazi ya baba yangu," alisema. "Ile yenye ilipotea." Akamsogezea kigoda, na Shafiki akabaki amesimama. "Mama yake alizaa wasichana mbili mbele yake. Yote ilikufa, moja ikinyonya bado, moja ikianza kutambaa. Watu walisema mama ni mchawi. Hii ya tatu ikakuja, na mama akaita Drateru. Unaskia Kilugbara?"

Shafiki alisikia cha sokoni, na hicho kilimtosha. Dra ni kifo. Drateru ni kifo kinamngojea. Alikuwa amekimbia siku tatu kutafuta jina la kumwokoa mtoto, na hili ndilo alilolipata. Alitamani asingewasha ile pikipiki.

Annet aliona uso wake. "Usiogope mbaya. Mama haikuwa inaambia mutoto. Ilikuwa inaambia majirani. Wenye wanasema mimi nimekula wangu, basi haya, muone, kifo iko hapa mulangoni, muikaribishe. Na kifo yenyewe ikisikia inaitwa kila siku asubuhi, inachoka." Akafuta macho kwa kanga. "Sisi tulisema jina ilimukuta kwa njia, na yule askari. Baba yangu alikufa akiamini hivyo. Na yeye ilikufa mwaka gani?"

"Mimi nilikuwa shule ya msingi. Ilikuwa na miaka tisini, mama. Iliacha vitukuu kumi na saba."

Mzee aliirudia hesabu ile kwa vidole. Kisha akacheka, na machozi yakaendelea kushuka huku anacheka.

"Basi kifo ilingoja sana," alisema.

Alimfungia karanga katika karatasi, za mzazi, aongeze maziwa, akamwagiza amlete mtoto akipata meno. Shafiki alirudi Arua kabla ya magharibi. Sharifah alikuwa amelala ubavu, mtoto mgongoni pake, na Shafiki alimsimulia vyote akizunguka mle chumbani, kopo la sukari, Pasca saba, wino wa padri, karanga. Alipofika kwenye maana ya jina alisita, akaona akificha atakuwa kama baba yake, akasema.

"Umezunguka wilaya nzima kuniletea kifo ndani ya nyumba," alisema Sharifah.

Shafiki alifika mlangoni, akarudi.

"Mbele yake ilikufa ngapi?" Sharifah aliuliza.

"Mbili."

"Wasichana?"

"Wasichana."



Ijumaa uani palijaa. Shangazi Ruqaiya alikuja na basi la asubuhi na vifuniko vyake vinne vya chakula, mbuzi alikwisha chinjwa, na Sheikh Hamdani aliketi mkekani na kitabu na kalamu yake. Aliuliza jina. Wote walimtazama Shafiki aliyesimama karibu na lango, mkono kwenye komeo kama mtu wa kuondoka. Angesema Kaltumu, mkewe asingemsamehe. Angesema lile jingine, hakujua itakuwaje. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa.

Mlango wa chumba ulifunguka. Sharifah alitoka amemshika mtoto kwa mikono miwili, mbele ya kifua, akimtazama usoni. Alimtazama hivyo hivyo alipokuwa akitembea, hata akamkanyaga shangazi mguu.

"Kwa kitabu andika Ruqaiya, sheikh," alisema. "Kwa nyumba ni Drateru."

Sheikh Hamdani alizaliwa Arua na hakuhitaji mkalimani. Kalamu ilisimama. "Mama, unajua maana ya hiyo jina?"

"Najua, sheikh. Iache ingoje."

Sheikh alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaandika Ruqaiya kwa mwandiko wake mzuri na hilo la pili akaliachia nyumba. Shangazi alikuwa akilia kwa sauti, mguu amekanyagwa na mtoto amepewa jina lake. Mtoto alianza kutafuta titi, na Sharifah akakaa pale pale mkekani, akamweka sawa.

"Drateru," alimwambia. "Nyonya."

Shafiki aliachia komeo la lango. Akaja hadi mkekani, akavua viatu, akakaa.