Mbalamwezi Mbili

Maneno yalianzia kwenye vichanja vya dagaa: Gasper ana mwanamke kule Mwamgongo anakovua. Stephania aliyasikia kwa jirani yake Marcelina, akarudi nayo nyumbani Ujiji, akala nayo, akalala nayo.

Gasper alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Elida. Kila mtu wa ziwani anajua, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na wavuvi wanarudi kwa wake zao. Sasa mbalamwezi mbili zilikuwa zimepita, Gasper hajaonekana.

"Mwezi wote ule, yeye anavua nini huko?" Marcelina akacheka. "Labda anavua nguo."

Elida alikuwa anapepeta mchele. "Mama, alipiga simu. Kasema ana kazi. Mimi nimeridhika naye."

"Umeridhika na nini, mwanangu? Chumba cha kupanga na mume wa kwenye simu?"

Stephania akafunga siku tatu. Hakumwomba Mungu amwonyeshe ukweli. Alimwomba amwaibishe Gasper. Siku ya nne akafungasha vyombo vya Elida, akamrudisha kwao. Simu ya binti akaizima, akaifungia kwenye pindo la kitenge.

Wiki ya pili Gasper akabisha hodi, mikono imechubuka, kucha zimejaa udongo. Elida alikuwa ziwani anafua.

"Shikamoo, mama."

Stephania hakuitikia. Akamwaga yote pale mlangoni, majirani wakisikia: mhuni, mzinzi, na Elida ameshapata mume mwingine. Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Lilimtoka tu.

"Nilikuwa Kidahwe, mama, nafyatua tofali. Nyumba yetu na Elida imeshaezekwa. Nilitaka aione kwa macho kwanza." Akaweka ufunguo kizingitini. "Basi, mpe."

Jioni ile ile akapanda boti ya Kongo. Huu mwaka wa pili, na simu yake haipatikani.

Elida hagombani na mama yake. Anapika, anafagia, akiitwa anasema abee. Kanisani haendi tena. Anaushika ule ufunguo mpaka kiganja kinanuka chuma. Stephania bado anapiga magoti, ila siku hizi haoni kama kuna anayemsikiliza.

Wewe mwenye binti aliyeolewa, epuka haya:

Kumhesabia mkweo mbalamwezi.
Kuzima simu ya mwanao.
Kufunga na kuomba wakati umeshahukumu.
Uongo wa hasira, hata mmoja.
Na mtoto akikwambia ameridhika, usimbishie. Mwache hapo alipo.