Boti Iliyopakwa Mkaa

Mume wangu Kibet hajui kuogelea. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniita mwanamke mgumu. Alizaliwa Kericho, na maji marefu kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya josho la ng'ombe. Na sasa tuna boti sebuleni, hapa Walthamstow, ughaibuni.

Alirithi. Kibet hufanya kazi ya kutunza wazee, na mmoja wao, Bwana Harold, alimwachia boti ndogo ya tanga pamoja na daftari la jinsi ya kuitunza wakati wa baridi. Siku mbili kabla ya kufa alimshika mkono akamwambia, "Niahidi utaitia majini, hata mara moja." Kibet akaahidi. Hakusema ngoja kwanza nimuulize mke wangu Serah.

Daftari lilisema vanishi haikauki penye baridi, na kibanda chetu cha nyuma ni baridi tupu. Kwa hivyo mwezi wa kumi na mbili aliita marafiki wanne, wakang'oa dirisha la mbele, wakaingiza boti, wakarudisha dirisha. Makochi yakapelekwa chumbani. Tangu siku hiyo tunatazama habari kwenye viti vya jikoni, boti ikiwa katikati yetu na televisheni. Msomaji wa habari namwona kuanzia pua kwenda juu.

Kila akitoka kazini, alifuata daftari. Piga msasa, futa vumbi, paka vanishi, ngoja. Mara tano. Mpaka Februari hata ugali ulikuwa na ladha ya vanishi.

"Baba Cherono," nikamwambia, "hii kitu itauzwa."

"Mama Cherono, niliahidi."

"Uliahidi kuzama?"

"Maji ukiyavulia nguo..."

"Huyaogi. Yanakumeza."

Sitadanganya, sikuwa nalilia makochi. Niliogopa. Nilikuwa naota ile boti imepinduka, nashtuka, namgusa mgongo nione kama ni mkavu. Nikaweka tangazo mtandaoni. Akajibu mtu wa Neasden anayeitwa Ranjan, akasema atakuja Jumamosi saa nane. Nilipomwambia Kibet, alisema "sawa" na kuendelea kupaka vyuma grisi. Ningepaswa kujua hapo hapo. Kibet akisema "sawa" haraka hivyo, haiko sawa.

Jumamosi asubuhi narudi kutoka sokoni, nakuta king'ora cha moshi kinalia, jirani yuko mlangoni, na miguu ya mume wangu imetokeza kwenye boti. Kichwa kilikuwa ndani ya kile kijisanduku cha mbele cha kuwekea kamba.

"Wewe mwanaume, unafanya nini?"

"Kunanuka ukungu."

Ukurasa wa daftari unaohusu ukungu ulikuwa umeliwa na ukungu. Kwa hivyo alitumia anachokijua. Kuna vijiti ambavyo dada yake humletea kutoka nyumbani. Anachoma ncha, halafu anasugulia mkaa wake ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande kuwa mursik. Sasa alikuwa amesugua kijisanduku chote, kila pembe, kikawa cheusi kama tako la sufuria.

"Haki ya Mungu, Kibet! Mnunuzi anakuja saa nane!"

"Atakuta ni safi."

Ranjan alifika saa nane kamili, mzee wa sweta mbili. Kumbe naye alizaliwa Kericho, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Alikagua mlingoti, akakunjua tanga, akaingiza kichwa kijisandukuni. Akakaa humo. Chai ikachemka, nikaitoa motoni, bado yuko humo.

"Mama," sauti ikatoka ndani, "nani amepaka mkaa?"

"Samahani sana, nitausugua utoke."

"Usisugue!"

Alitoka na pua nyeusi. Hakunitazama mimi, alimtazama Kibet.

"Mama yangu alinunua maziwa kwa mama mmoja pale sokoni miaka mingi. Tulipohama, alimwomba amuuzie kile kibuyu, abaki na ukumbusho. Yule muuza maziwa alikataa katakata. Alisema maziwa anauza, lakini kibuyu alichokisugua kwa mkono wake hauzi. Ndivyo, bwana?"

Kibet alitazama viatu vyake. "Hata kwetu mama alisema hivyo."

"Na asubuhi ulijua nakuja?"

"Nilijua."

Ranjan akafunga zipu ya jaketi. "Mama, hii boti ina mwenyewe." Alikunywa chai vikombe viwili, akaomba mursik, akapewa, akaenda zake na pua ileile.

Tukabaki watatu, mimi, Kibet na boti. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, kumbe huyu mtu hunijibu kwa mkaa! Nilikasirika. Nililia pia.

"Si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia. Nilisema niliahidi."

Ni kweli, alikuwa ameniambia. Kila nilipofungua mdomo kuhusu boti, alinijibu neno hilo hilo moja, nami nikaendelea kukatakata vitunguu.

Jumatatu nilienda kwenye bwawa la kuogelea la mtaa kuuliza darasa la watu wazima wasiojua lolote. Msichana wa mapokezi akauliza kama ni la mtu mmoja. Nikasema wawili, maana boti ina nafasi ya wawili, nimeipima. Akauliza kama kuna anayeogopa maji. Nikamwambia yupo, ndiye huyu anayeongea, na aandike upesi kabla sijabadilisha nia.