Mkaa wa Vifuu Ndani ya Mpira

Lori la mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka mji wa Hat Yai lilikuwa limeshaegeshwa nje ya banda la ushirika wetu, likisubiri mashine ya kuchanganyia mpira. Wanachama walikuwa wamechoka kununua masizi ya kiwandani ya kukazia mpira, wakaamua mashine iuzwe. Chaluai, mwendesha mashine, akaomba nafasi ya mwisho: badala ya masizi atie mkaa wa vifuu vya nazi uliosagwa, atengeneze mkeka wa mpira wa kulalia ng'ombe zizini. Ukiharibika, mashine iende.

Tulipofungua kalibu, mkeka ulikuwa na malengelenge matupu.

"Mdogo wangu, umetutolea chura," alisema kaka yake, Prayong, mwenyekiti wetu. Watu wakacheka.

Chaluai hakucheka. Alitoboa lengelenge moja kwa kisu, akachungulia, akamgeukia mchoma mkaa.

"Shangazi Thongdam, huu mkaa uliuzimaje?"

"Kwa maji. Ulitaka niuzime kwa mate?"

Wachoma mkaa wote wa kwetu huzima hivyo, wakauanika, na jikoni hauna shida. Ila mpira ukipikwa kwenye kalibu, maji yaliyojificha hugeuka mvuke na kutafuta pa kutokea.

"Mbona mkavu! Ushike uone."

"Nje mkavu, shangazi. Ndani umelewa."

Tukaukaanga ule unga kwenye karai la karanga. Mimi nilikoroga mpaka pua ikawa nyeusi. Huko nje honi ikalia.

"Mwambieni ale wali kwanza," alisema Prayong.

Mkeka wa pili ulitoka laini. Prayong akavuta pembe yake kwa nguvu, ikachanika.

"Kandambili hazitoki hapa."

"Nani kataja kandambili, kaka? Mimi nimesema ng'ombe."

Basi akamleta fahali wake wa mashindano, ambaye mke wa Prayong husema ndiye mke mkubwa. Fahali alinusa mkeka uliokwisha kupoa, akapiga kwato mara kadhaa, akazunguka, mwisho akalala.

Prayong akatoka nje. Tukamsikia: "Ndugu yangu, chukua mizani yetu iliyooza kwa kutu. Mashine bado tuna kazi nayo."

Mnunuzi akaondoka akitukana. Chaluai alitaka mkeka wake aupime unene, lakini nani wa kumwamsha fahali wa mwenyekiti? Akachukua karai, akaanza kukaanga mkaa mwingine.