Kasi Yetu Juu ya Pumba

Katika mpango wangu wote, Namelok alichagua kulitilia shaka jambo nililoliamini zaidi.

"Kilomita tatu kwa saa," alisoma kwenye kompyuta yangu. "Hidaya, kasi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye makala ya wapanda milima."

"Waliozaliwa kwenye theluji. Wewe umezaliwa Mikumi. Theluji yako ni ile ya kwenye friji la soda."

Tulikuwa barazani kwa shangazi yangu Zaituni, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Tindiga. Mimi nilitoka Mikumi, Namelok alitoka kwao Msowero, ili tumalize pamoja kazi moja. Chuo kilikuwa kimetuchagua sisi wawili, wanafunzi wa sayansi ya maji, kwenda Norwe mwezi wa Januari. Huko tungetembea milimani siku nne katikati ya majira ya baridi, tukiwa tumevaa viatu vipana vinavyomzuia mtu asizame kwenye theluji. Lakini kila kundi la wanafunzi watakaokwenda lilitakiwa kuandika mpango wake lenyewe, na kundi ambalo mpango wake usingemridhisha Bi Solveig, kiongozi wa msafara, lingebaki bondeni likifanya kazi za maabara. Mwisho wa kutuma ulikuwa siku hiyo, saa kumi jioni.

Sikutaka kubaki bondeni. Mto Mkondoa hutuletea mafuriko kwa wiki chache, kisha wakulima huanza kuyatafuta maji yaleyale yaliyowasomba. Nilikuwa nimesoma kwamba kule mlima huyashika maji yakiwa theluji kwa miezi mingi na kuyaachia kidogo kidogo, nami nilitamani kusimama mahali jambo hilo linapotendeka. Kwa hiyo niliupanga msafara ufike kibanda cha pili, kando ya ziwa lililoganda, penye vyombo vya kupimia theluji. Siku ya kwanza, kilomita nane hadi kibanda cha kwanza. Siku ya pili, kumi na nne hadi ziwani. Kisha kurudi kwa njia ileile.

"Tuipime basi hiyo kasi," alisema Namelok.

"Kwa theluji ipi?"

Alinyoosha kidole nyuma ya mashine. Pumba za mpunga za msimu mzima zilikuwa zimelundikana pale, laini, zikipanda mteremko kama kilima. Niliingiza mguu, ukazama hadi gotini. Nilijikuta nikicheka kwa mshangao.

Tuliazima nyungo nne, tukazifunga miguuni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

"Haya, mkizitoboa mtapepetea viganja!" alipiga kelele shangazi kutoka mlangoni, huku wateja wake wakiacha magunia na kuja kutazama. "Na chuoni ndiko mnakofundishwa haya?"

"Shangazi, huu ni utafiti," nilisema, nikaanguka kifudifudi.

Niliponyanyuka, pumba zikiwa zimenijaa masikioni, nilitambua kwamba ungo haukuwa umezama hata nusu ya kina ulichozama mguu wangu mtupu. Ila kila hatua ilinidai ninyanyue paja na kutanua miguu nisijikanyage. Tulipima mita ishirini kwa kamba, tukazipita mara kumi, kila mmoja amebeba mgongoni kiroba cha mchele cha kilo kumi. Namelok alishika saa ya simu.

"Dakika nane," alitangaza, akihema. "Mita mia mbili. Hiyo ni kilomita moja na nusu kwa saa, bibie."

Nilikokotoa upya. Kilomita kumi na nne zingetaka zaidi ya saa tisa. Moyo ulinirudi. "Bado inawezekana! Tukiondoka saa kumi na mbili alfajiri, tunafika kabla ya saa kumi jioni. Mwanga utakuwepo."

"Nani kakwambia?" aliuliza shangazi.

"Jua likichomoza saa kumi na mbili, shangazi..."

"La wapi? Mwanangu Ashrafu alipokuwa Ujerumani, Ramadhani iliangukia kiangazi, akawa anafuturu karibu saa nne za usiku. Nilimhurumia sana. Sasa kama kiangazi mchana wao ni mrefu hivyo, baridi ikija si lazima uwe mfupi?"

Mimi, niliyefaulu jiografia kwa alama za juu, niliufungua tena mpango wangu. Katika kurasa zangu zote kumi na moja, nilikuwa nimebeba jua la kwetu Kilosa na kulitundika Norwe. Namelok alitafuta mtandaoni: katikati ya Januari, kwenye milima ile, jua huchomoza saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na dakika chache alasiri.

Mwanga wa takriban saa sita tu kwa siku. Kwa kasi yetu, kilomita tisa. Kibanda cha kwanza kilifikika, ziwa halikufikika.

"Tunaweza kuandika kilomita tatu, tuache hivyohivyo," nilisema kwa sauti ndogo. "Huenda theluji ni nyepesi kuliko pumba."

"Huenda. Na ikiwa nzito?"

Nilifikiria giza, mita mia mbili, dakika nane, na pumzi ya Namelok. Kisha nililifuta ziwa. Niliandika kwamba tungelala siku tatu katika kibanda cha kwanza, na kwamba tungechimba theluji iliyokizunguka kibanda na kuipima tabaka kwa tabaka. Tulituma saa tisa na dakika hamsini.

Jibu la Bi Solveig lilifika kesho yake. Mpango umekubaliwa, aliandika, na kati ya mipango yote aliyopokea, huu ndio pekee ulioanza na kasi halisi ya watembeaji wenyewe, ingawa hakuelewa tuliipataje. Nilimweleza kuhusu mashine, pumba na nyungo, bila kuficha kosa la jua. Kwa kuwa sikuweza kujizuia, niliongeza swali: je, theluji hutoa sauti inapokanyagwa?

"Inategemea ukali wa baridi," alijibu. "Siku ya kwanza utatangulia wewe, uisikie kabla hatujaivuruga."